Taa ya Njano Ilizaliwa Los Angeles

Ukiishi Nairobi na una rafiki mwenye Subaru, unaijua ile meseji ya saa tano usiku. Picha ya dashibodi, taa ya njano yenye umbo la injini, na maneno machache: "Buda, hii ni nini sasa?" Kuna siku taa inawaka tu na kutulia. Kuna siku inapepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi. Asubuhi gari linapelekwa kwa fundi, kimashine kinachomekwa chini ya usukani, na msimbo unatokea: P0300. Fundi anasema, "Gari inamisi." Plagi zinabadilishwa. Ijumaa taa inarudi. Koili zinabadilishwa. Jumatatu taa inarudi. Na injini yenyewe, ukiisikiliza, inanguruma fiti kabisa.

Hapo ndipo watu hugawanyika. Kuna anayesema kompyuta ya gari imechizi. Kuna anayesema fundi ni mwizi. Kuna anayebandika kipande cha selotepu nyeusi juu ya taa na kuendelea na maisha. Wachache sana huuliza swali la msingi: hii taa iliwekwa hapo na nani, na kwa ajili ya nani? Ukilijua jibu, nusu ya maajabu ya P0300 hayakushangazi tena. Na jibu lenyewe halianzii Japani wala Ujerumani. Linaanzia kwenye moshi.

Enzi ya sikio

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu kwenye kila silinda: hewa, mafuta na cheche, vyote kwa wakati wake. Kimoja kikichelewa au kikikosekana, mchanganyiko hauwaki. Pistoni inashuka bila kusukumwa. Hiyo ndiyo kumisi. Silinda moja imeenda likizo na wenzake wanabeba mzigo wake.

Kwa muda mrefu hakukuwa na taa ya kukuambia haya. Mwaka 1910 hivi, mhandisi Mmarekani Charles Kettering na kampuni yake ya Delco walitengeneza mfumo wa kuwasha injini kwa betri na koili, na mfumo huo, pamoja na marekebisho, ndio uliotawala karibu karne nzima. Ulipoharibika, ulitafutwa kwa sikio, pua na vidole. Fundi aliiacha injini ikinguruma, kisha akachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Akichomoa na mlio ukashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akichomoa na mlio usibadilike, amempata mvivu. Halafu plagi ilitolewa na kusomwa kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa: nyeusi na kavu, mafuta ni mengi, imelowa oili, ringi za pistoni zimechoka, nyeupe kupindukia, kuna joto kali.

Ujuzi huo ndio uliojenga jina la Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965, alikuwa kwenye Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Naam, mojawapo ya ushindi mkubwa zaidi wa mbio za magari nchini ulipatikana kwa gari la mtumba. Hakukuwa na kompyuta ndani yake. Kama silinda ingelala, dereva angeisikia kwenye kiti kabla ya kuisikia masikioni.

Lakini kuna jambo moja ambalo enzi ya sikio haikuliuliza. Silinda inapomisi, ile petroli ambayo haikuungua huenda wapi? Jibu lilikuwa rahisi: inatoka kwa ekzosi, inaingia hewani, na hewani si kwa mtu. Fundi alijali nguvu ya gari na bei ya mafuta. Mapafu ya mpita njia hayakuwa kwenye risiti.

Moshi uliodhaniwa ni vita

Julai 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaazi wa Los Angeles waliamka na kukuta jiji limefunikwa na ukungu unaowasha macho na kukaba koo. Wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Ukungu ulirudi tena na tena hata baada ya vita kwisha, na lawama zikatupiwa viwanda, majaa ya taka, kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa ameegeshwa nje ya kila nyumba.

Aliyeitegua fumbo hiyo alikuwa mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza kinacholipa nanasi harufu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na gesi za naitrojeni kutoka kwa injini, vikikutana na jua kali la California, hupikika na kutoa ozoni. Moja ya vipimo vyake ilikuwa kipande cha mpira: ozoni huupasua mpira, kwa hiyo mpasuko ulimwambia hewa ni chafu kiasi gani. Watu wa mafuta na wa magari hawakufurahi. Lakini hesabu ilikuwa wazi. Mshambuliaji wa 1943 alikuwa na magurudumu manne.

Mwaka 1967 California iliunda bodi yake ya hewa, na mwenyekiti wa kwanza akawa Haagen-Smit mwenyewe. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali ya hewa safi. Ili kuitimiza, kuanzia magari ya mwaka 1975 watengenezaji wengi walianza kufunga kwenye ekzosi kile kifaa kinachoitwa katalisti: kibweta cha chuma chenye sega la kauri ndani, limepakwa madini ghali kama platinamu na paladiamu. Moshi ukipita mle, sehemu kubwa ya sumu hugeuzwa kuwa maji na kaboni dioksaidi.

Katalisti ina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni risasi, ile madini. Mwaka 1921, katika maabara ya General Motors iliyoongozwa na Kettering yuleyule wa koili, Thomas Midgley aligundua kwamba kuongeza risasi kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ulimwengu ukaichoma risasi hewani kwa miongo mingi. Risasi huifunika katalisti na kuiua, kwa hiyo ilibidi petroli ibadilishwe. Sehemu ya mwisho ya hadithi hiyo iliendeshwa kutoka hapahapa: ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, lililosimamia kampeni ya kuiondoa risasi duniani. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikamilisha kuiacha mwanzoni mwa 2006. Mwaka 2021 Algeria, ya mwisho duniani, ikafunga ukurasa.

Adui wa pili ni injini inayomisi. Petroli mbichi ikifika kwenye katalisti pamoja na hewa, inawakia mle ndani. Sega linapata joto ambalo halikuundiwa, linayeyuka, linaziba. Dakika chache za kumisi vibaya kwa kasi kubwa zinatosha kuua kifaa ambacho bei yake itakufanya ukae chini.

Sasa taa yetu inaanza kueleweka.

Sheria iliyolipa gari ulimi

Kompyuta ziliingia kwenye injini polepole. Kufikia 1981 magari ya General Motors yaliyouzwa Marekani yalikuwa na kompyuta ya injini na taa ya kuonya, na fundi aliweza kuunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya kisha ahesabu taa inavyopepesa. California ikaona hilo ni jambo la kulazimishwa kwa wote, na kuanzia magari ya mwaka 1988 ikataka kila gari lijichunguze lenyewe. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na plagi yake, lugha yake, na mashine yake ambayo fundi wa mtaani hakuweza kununua. Gari lilipewa ulimi, ila liliongea na ajenti peke yake.

Awamu ya pili ndiyo tunayoishi nayo. Ilianza kuingia mwaka 1994, na kufikia magari ya 1996 ikawa lazima Marekani nzima. Ilileta soketi moja ya pini 16, misimbo ya pamoja, na haki ya fundi yeyote kusoma. P0300 maana yake silinda kadhaa zinamisi au zinapokezana. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kile kimashine kidogo kinachouzwa River Road ni mjukuu wa sheria hiyo.

Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na agizo jipya: gari lazima ligundue kumisi. Na hapa soma vizuri, kwa sababu ndiyo siri ya kupepesa. Kompyuta huhesabu kumisi kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza hupima kila mizunguko 200 ya injini na kuuliza: je, kiasi hiki kinaweza kuchoma katalisti? Kikiweza, taa inapepesa papo hapo. Mizani ya pili hupima kila mizunguko 1,000 na kuuliza: je, moshi umezidi kiwango? Ukizidi, kompyuta kwa kawaida husubiri iione hali hiyo tena kwenye safari nyingine ndipo iwashe taa na kuiacha.

Ona maswali yote mawili. Hakuna hata moja linalouliza kama unastarehe, kama gari lina nguvu, au kama utafika Naivasha. Taa haikuwekwa kwa ajili ya dereva. Iliwekwa kwa ajili ya hewa. Ni shahidi wa serikali ambaye anakaa kwenye dashibodi yako na kula umeme wako. Ndiyo maana inaweza kunyamaza gari likiwa limechoka kabisa, na kupiga kelele gari likiwa linakimbia vizuri.

Taa haioni moto

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowasumbua zaidi wenye magari ya kasi. Kompyuta nyingi haziwezi kuuona moto ndani ya silinda. Zinachoona ni muda.

Kwenye krenki kuna gurudumu lenye meno, na kando yake sensa inayohesabu meno yakipita. Kila silinda ikiwaka, krenki inasukumwa na kuongeza kasi kidogo. Ikimisi, krenki inasita. Kompyuta inapima kusita huko na kusema: silinda ya tatu imekosa. Ni kama kumjua mwenzako ana kiatu kibovu kwa kusikia hatua zake gizani. Mara nyingi utapatia. Si mara zote.

Kwenye gari la familia lenye silinda nne, likiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kuna milipuko kama 67 kwa sekunde. Muda upo. Sasa chukua gari la michezo lenye silinda 12 kwenye mizunguko 8,000. Hapo ni milipuko 800 kwa sekunde; kila mmoja una milisekunde moja na robo. Mlipuko mmoja ukikosekana, mwingine umeshafika kuziba pengo. Sheria nayo, ambayo mwanzoni ilitaka kumisi kugunduliwe katika hali chache tu, baadaye ikapanuliwa ifike karibu kasi zote za injini. Wahandisi wa magari ya kifahari wakakuna vichwa. Saab walikuwa tayari na njia nyingine: baada ya cheche kupita, plagi hiyohiyo inapitishiwa umeme mdogo, na gesi zilizoungua zinaupitisha umeme kuliko zisizoungua. BMW nao waliitumia njia ya aina hiyo kwenye M5 ya silinda kumi iliyotoka mwaka 2005. Hapo plagi ikawa cheche na jicho kwa pamoja. Lakini magari mengi yamebaki na meno na muda.

Ukishaelewa hivyo, orodha ya mafumbo inaanza kufunguka yenyewe.

Barabara mbaya. Gurudumu likidunda kwenye matuta na mashimo, mtikisiko unapanda kupitia ekseli na gia hadi kwenye krenki, na krenki inasita kana kwamba silinda imekosa. Watengenezaji walilijua hili, kwa hiyo magari mengi huangalia sensa za breki za ABS: magurudumu yakitikisika sana, hesabu ya kumisi inasimamishwa kwa muda. Sasa fikiria gari lililowekewa springi ngumu na kushushwa karibu na lami, magurudumu yamebadilishwa, na sensa moja ya ABS imekufa. Mlinzi ameondolewa langoni.

Flaiwili nyepesi. Wapenda kasi huondoa lile gurudumu zito nyuma ya injini na kuweka jepesi ili injini ipande haraka. Uzito ule ulikuwa unalainisha mwendo wa krenki. Ukiuondoa, krenki inatetemeka zaidi hata kila silinda ikiwa inawaka sawasawa, na kompyuta iliyofundishwa tabia ya flaiwili nzito inaona kumisi kila mahali. Wenye Porsche, BMW na Subaru wamelijua hili kwa gharama zao. Hakuna plagi wala koili itakayoponya, kwa sababu hakuna kinachoumwa.

Meno yasiyojulikana. Hakuna gurudumu la meno lililo kamili, kwa hiyo kompyuta nyingi hujifunza kasoro za gurudumu lao na kuzikumbuka. Ukibadilisha injini, krenki, sensa au kompyuta yenyewe bila kuifanya ijifunze upya, inapima mguu mpya kwa kiatu cha zamani.

Tangi karibu tupu. Hili ni la kona kali. Petroli ikiwa kidogo inamwagikia upande mmoja wa tangi, pampu inavuta hewa kwa nusu sekunde, na silinda zote zinakosa chakula. Hii ni kumisi ya kweli, lakini ukifika kwa fundi na gari limetulia kwenye sakafu tambarare, ataitafuta mpaka jioni.

Na moja ya kuchekesha: kompyuta za magari kadhaa ya Ujerumani, zikiona silinda inamisi vibaya, huifungia mafuta kabisa ili kuilinda katalisti. Kumisi kulikoanza kwa sekunde mbili kunageuka kulala kwa safari nzima. Ukizima na kuwasha upya, mgonjwa amepona. Dereva anaapa gari lina mapepo. Kumbe ni sheria inatekelezwa.

Kumisi kwa makusudi

Kuna kinaya kikubwa katika historia hii. Miaka ileile ya 1990 ambapo sheria ilikuwa ikilitaka kila gari likamate kumisi, timu za rally zilikuwa zikitengeneza kumisi kwa makusudi.

Tatizo lao lilikuwa turbo. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Dereva akiachia mafuta kwenye kona, moshi unapungua, turbo inalala, na akikanyaga tena inachukua muda kuamka. Dawa waliyoipata ilikuwa ya kihuni: chelewesha cheche, ingiza mafuta na hewa hata mguu ukiwa juu, ili mlipuko utokee ndani ya ekzosi na kuendelea kuizungusha turbo. Matokeo ni ile milio ya bunduki unayoisikia gari likiingia kona. Toyota Celica GT-Four ya mwaka 1994, iliyouzwa kwa umma ili timu iruhusiwe kushindana, ilikuja na mabomba ya mfumo huo yakiwa yamefungwa tayari, ingawa kwa mnunuzi wa kawaida hayakuwa yanafanya kazi. Colin McRae alipolipeleka Impreza kwenye ushindi wa Safari ya mwaka 1997, milipuko ya aina hiyo ilikuwa ndiyo sauti ya rally ya dunia.

Kizazi kilichosimama kando ya barabara za vumbi kilirudi nyumbani na sauti hiyo masikioni. Leo kuna vijana Nairobi wanaolipa pesa nzuri kompyuta ya gari iandikwe upya ili ekzosi ipige risasi mtaani. Timu ya rally ilibadilisha turbo kama wewe unavyobadilisha soksi. Gari lako halina bajeti hiyo. Ukiiambia injini imisi, kisha ukashangaa kwa nini taa inasema inamisi, hapo kompyuta haijachizi.

Na kuna ile ngurumo ya Subaru yenyewe, ule mdundo wa bub-bub-bub unaoamsha mtaa mzima. Watu hudhani ni tabia ya injini ya boksa. Kwa kweli hutokana zaidi na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana: moshi wa silinda za upande mmoja husafiri mbali kuliko wa upande wa pili, kwa hiyo mapigo hayafiki kwa nafasi sawa. Ni mlio usio sawa kutoka kwa injini iliyo sawa. Uzuri wake ndio hatari yake. Sikio lililozoea mdundo wenye pengo litachelewa kusikia pengo jipya.

Lugha mbili chini ya usukani mmoja

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na magari mengi ya mitumba yanayoshuka Mombasa yanatoka Japani. Hayakuundwa kwa ajili ya California. Impreza za miaka ya 1990 za soko la Japani ziliongea Kisubaru: chini ya dashibodi kuna plagi mbili nyeusi, ukiziunganisha taa ya injini inapepesa msimbo, mipepeso mirefu ikiwa makumi na mifupi ikiwa mamoja. Ukichomeka kimashine cha kawaida, kinaweza kukwambia hakuna gari hapa. Mafundi wetu wamejifunza kutafsiri kati ya lugha hizi bila kitabu, na hilo ni jambo la kuheshimiwa kuliko tunavyoliheshimu.

Fundi mzuri, awe Grogan au kwenye gereji yenye viyoyozi, haanzi na duka la spea. Anaanza na maswali. Taa ilipepesa au ilitulia? Gari lilikuwa baridi au moto? Tangi lilikuwa na ngapi? Nini kilibadilishwa kabla ya taa kuanza? Kisha anasoma ile picha ambayo kompyuta huihifadhi pamoja na msimbo: mizunguko ya injini, joto, kasi ya gari wakati tukio lilitokea. Halafu anahamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya tatu. Msimbo ukihama nayo, koili ina hatia. Ukibaki palepale, anahamisha plagi, anapima injekta, anatafuta mahali hewa inapovuja, na mwisho anapima mgandamizo wa silinda. Kila hatua inamwachilia mshukiwa mmoja.

Hata nambari zinazotoka pamoja zinasema kitu. Kwenye Impreza nyingi zisizo na turbo za kipindi kile, silinda 1 na 2 zinatumia koili moja, na 3 na 4 nyingine, ilhali 1 na 3 zinakaa upande mmoja wa injini na 2 na 4 upande mwingine. Ukipata 1 na 2 pamoja, shuku koili. Ukipata 1 na 3, usinunue koili. Kuna jambo upande huo wa injini, labda muda wa valvu, labda gasketi. Msimbo haukuhukumu chochote. Ulikuwa unakuonyesha ramani.

Ugomvi wa wateja na mafundi juu ya P0300 unatokana na kuuchukulia msimbo kama jina la spea. Sheria ya 1996 haikuahidi hivyo. Iliahidi kwamba gari litasema kile lilichohisi, kwa lugha ambayo mtu yeyote anaweza kusoma. Kazi ya kufikiri iliachwa kwa binadamu.

Kitu kimoja zaidi, kwa wanaotaka kununua. Kufuta msimbo ni kazi ya sekunde tano, na wapo wanaofanya hivyo asubuhi ya kuuza gari. Dashibodi inang'aa, hakuna taa, pesa inahama. Lakini walioandika sheria walimfikiria mtu huyo. Msimbo ukifutwa, kompyuta hufuta pia kumbukumbu ya vipimo vyake, na kipimo kama kile cha katalisti hubaki kimeandikwa kwamba hakijakamilika hadi gari liendeshwe vya kutosha. Kimashine cha bei rahisi kinakionyesha. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, omba ruhusa uchomeke. Ukikuta hakuna msimbo lakini vipimo kadhaa havijakamilika, huenda betri ilitolewa juzi. Huenda pia kuna mtu aliyemziba shahidi mdomo.

Wengine hawaishii kwenye msimbo. Katalisti yenyewe inang'olewa, kwa sababu imeziba au kwa sababu madini yake yanauzika, bomba tupu linawekwa, kompyuta inafundishwa kunyamaza. Gari linapata mlio mtamu na labda farasi wachache zaidi. Mvuke ambao Haagen-Smit aliutambua kwa kipande cha mpira unatoka moja kwa moja kwa anayesubiri matatu nyuma yako pale Roysambu. Yeye hana dashibodi, na kwa upande wake hakuna taa yoyote itakayowaka.